Mwalimu wa Kandoni: Uamuzi na Mamlaka, Kiwanjani na Darasani

Alasiri ya siku isiyokuwa na mvua, mtu apitaye Jadida, hapa Wete, hakosi kusikia makelele ya mpira. Watoto wamekwisha kutoka skuli na chuoni, jua limepungua ukali, na kiwanja kimejaa. Wakubwa wana mpira wa ngozi na fulana za rangi moja. Wadogo, pembeni, wanapiga chandimu kwa mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba. Na kandoni mwa mstari, ikiwa mechi ni ya maana, husimama mtu mmoja ambaye hachezi, hapulizi firimbi, wala haimbi pamoja na mashabiki. Wachezaji hawamwiti mtu huyo kwa jina lake. Humwita "mwalimu".

Jina hilo lina mantiki yake. Kocha wa kandanda, kama mwalimu wa darasani, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla ya siku yenyewe. Na siku ikifika, wanaotenda ni wengine. Hawezi kupiga mpira kwa niaba ya mchezaji, kama sisi tusivyoweza kumfikiria mwanafunzi hesabu yake. Kilichobaki mikononi mwake ni mambo matatu tu: kutazama, kuamua na kusema. Tena huyafanya hayo mbele ya umati ambao kila mmoja wao anaamini kuwa angeamua vizuri zaidi. Januari 2025, Zanzibar ilipoifunga Burkina Faso mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kwenye uwanja wa Gombani, Chake Chake, jukwaani palikuwa na makocha kwa maelfu. Lakini aliyekuwa na wajibu wa kujibu, lau matokeo yangekuwa kinyume, ni mmoja.

Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu juu ya uamuzi na mamlaka ya mwalimu wakati somo linaendelea, tukichukua mifano kutoka kandanda. Tunawaandikia hasa wanachuo wanaojitayarisha kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tumewatembelea wengi katika mazoezi hayo, na tumeona kuwa hofu yao kubwa haihusu somo lenyewe. Huogopa kwamba darasa halitawasikiliza. Kwa sababu ya hofu hiyo, baadhi yao hukimbilia ukali: sauti kubwa, vitisho na bakora juu ya meza. Wengine hufanya kinyume chake: huwauliza watoto ruhusa kwa kila jambo, hutoa agizo na kulibadili kabla halijatekelezwa, na kufika mwisho wa kipindi darasa halijui lilitakiwa kufanya nini. Kwa maoni yetu makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Mwalimu wa namna zote mbili hakujua mapema ataamua nini, na lini.

Mamlaka yenye mipaka

Huenda mwanachuo akadhani kuwa kocha ni mfalme wa kiwanja. Sheria za kandanda hazisemi hivyo. Tangu mwaka 1993 kocha amewekewa eneo maalumu la kusimama, na haruhusiwi kuingia mchezoni bila ya idhini ya mwamuzi. Tangu mwaka 2019 anaweza kuonyeshwa kadi ya njano au nyekundu kama mchezaji. Katika benchi lake, ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja anayeruhusiwa kutoa maelekezo kwa wanaocheza. Na kuhusu kubadili wachezaji, zamani kocha hakuwa na uwezo huo hata kidogo katika mashindano makubwa. Kombe la Dunia la mwaka 1970 ndilo la kwanza kuruhusu wachezaji wa akiba, nao walikuwa wawili tu. Siku hizi, katika mashindano ya ngazi za juu, anaweza kubadili wachezaji watano, lakini ana nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo kwa ajili hiyo, ukiacha wakati wa mapumziko.

Mipaka hiyo mitatu, yaani kutoingia kiwanjani, sauti moja, na kuhesabu mara za kukatiza, inafaa kuletwa darasani kama ilivyo.

Tuanze na wa kwanza. Mtoto wa darasa la tatu ameitwa ubaoni kutoa 27 katika 52. Anaandika 35. Kila aliyewahi kufundisha hesabu analijua kosa hili: mtoto ameona kuwa 2 haitoshi kutolewa 7, basi amegeuza na kutoa 2 katika 7. Mwalimu afanye nini? Mara nyingi tumemwona mwanachuo akiruka, akiipokonya chaki mikononi mwa mtoto, akifuta, na kuandika 25 kwa upesi huku akieleza. Huyo ni kocha aliyeingia kiwanjani kupiga penalti mwenyewe. Jibu ubaoni limekuwa sahihi, na mtoto amerudi kwenye dawati lake na kosa lake lile lile kichwani, na juu yake aibu.

Mpaka wa pili ni sauti moja. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika mazoezi ya kufundisha, darasa moja huwa na watu wazima watatu: mwanachuo anayefundisha, mwalimu mwenyeji wa darasa, na mkufunzi aliyekaa nyuma na karatasi yake ya kusahihishia. Hapa tunasema na wakufunzi wenzetu, na sisi wenyewe hatujitoi. Mkufunzi anapodakia kutoka nyuma, hata kwa neno moja la kusahihisha, watoto wote hugeuza shingo, na kuanzia dakika hiyo wanajua ni nani mwenye darasa. Mwanachuo huyo atamaliza wiki zake zote akiwa mgeni. Mashauri yetu yasubiri kengele.

Mpaka wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote. Mwalimu amewagawa wanafunzi katika makundi na kuwapa kazi. Hazijapita dakika mbili, anasema, "Sikilizeni kwanza." Baada ya dakika moja, "Nyinyi wa kule, tulieni." Kisha, "Nimesahau kuwaambia..." Kufika mara ya sita, hapana kichwa kinachoinuka. Watoto si watovu wa adabu. Wamejifunza tu kuwa neno la mwalimu wao ni jingi na kwamba likikosa kusikilizwa sasa, jingine litakuja. Tunamshauri mwanachuo ajiwekee sheria ya mpira: mara tatu tu za kusimamisha kazi ya darasa zima katika kipindi kimoja. Akijua kuwa ana tatu, atafikiri kabla ya kuitumia ya kwanza. Yanayobaki ayaseme kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kwenye dawati la mtoto anayehusika.

Uamuzi hutayarishwa

Kuna uamuzi mmoja wa kocha uliozungumzwa dunia nzima, nao tunauona kuwa na funzo kubwa kwa mtu anayeandika andalio la somo. Tarehe 5 Julai 2014, katika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Salvador, Brazil, Uholanzi na Kosta Rika zilimaliza dakika 120 bila ya bao. Zilikuwa zimebaki sekunde chache kabla ya mapigo ya penalti, pale kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alipomtoa mlinda lango wake Jasper Cillessen, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote, na kumwingiza Tim Krul. Watazamaji walistaajabu. Krul aliokoa penalti mbili, na Uholanzi wakashinda 4-3.

Aliyekuwa akitazama aliona ujasiri wa dakika moja. Lakini jambo hilo halikuzaliwa dakika hiyo. Krul alikuwa amekwisha kuambiwa mapema kwamba huenda akaitwa kwa kazi hiyo. Van Gaal alikuwa na wachezaji watatu tu wa kubadilisha, akawatumia wawili na kumweka wa tatu mpaka dakika ya mwisho, ingawa miguu ya wengi kiwanjani ilikuwa imekwisha kuchoka. Kwa hiyo tulichokiona ni utekelezaji. Uamuzi wenyewe ulipikwa nyuma ya pazia. Thibitisho lilikuja siku nne baadaye. Katika nusu fainali dhidi ya Argentina alilazimika kuwatumia wachezaji wake wote watatu wa akiba kabla ya mwisho. Mchezo ulipofika kwenye penalti, Krul alibaki benchini, Cillessen hakuokoa hata moja, na Uholanzi wakatolewa kwa 4-2. Kocha alikuwa yule yule na mlinda lango yule yule alikuwapo, ila nafasi ya kuamua ilikuwa imekwisha kutumika.

Sasa tuitazame kazi yetu. Maandalio mengi tunayoyasahihisha yanaeleza vizuri sana mambo yatakayotokea iwapo kila kitu kitakwenda sawa. Mwalimu ataeleza, wanafunzi watajibu, wote watafahamu. Hakuna mstari hata mmoja unaosema mwalimu atafanya nini iwapo hawakufahamu. Kwa hiyo yanapotokea, na hutokea karibu kila siku, mwanachuo husimama mbele ya ubao akiwa mikono mitupu. Hapo ndipo sauti inapopanda.

Turudi kwenye hesabu yetu ya 52 kutoa 27. Kosa la 35 linajulikana. Mwalimu aliyejitayarisha analingojea, kama mvuvi anavyolingojea bamvua. Usiku wa kuamkia somo amefunga njiti za ufagio wa chelewa kumi kumi, na nyingine ameziacha moja moja. Katika andalio lake ameandika hivi: "Baada ya robo ya kipindi, kila mwanafunzi aandike jibu moja katika daftari lake. Nitapita nikitazama. Wakikosea wengi, nitasimamisha kazi na kurudi kwenye njiti kwa darasa zima. Wakikosea wachache, nitawakusanya mbele pamoja na njiti, na wengine wataendelea na zoezi." Basi. Ni maneno machache tu, lakini mwalimu huyo akifika kwenye robo ya kipindi hatababaika, kwa sababu ameshaamua jana.

Tazameni pia kuwa ameandika "nitapita nikitazama", hakuandika "nitawauliza kama wamefahamu". Sote tunalijua swali hilo na jibu lake. Mwalimu husema, "Mmefahamu?" na darasa zima huitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Kocha anayemuuliza mchezaji aliyechoka kama amechoka ataambiwa hapana, hana budi aitazame miguu yake. Miguu ya mwanafunzi ni daftari lake.

Kiswahili kina methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanachuo hutuuliza afuate ipi. Jibu letu ni kwamba haraka ni mbaya katika kutazama, na ngoja ngoja ni mbaya baada ya kuona. Daftari nne zinaweza kudanganya, apite zote. Akishaona, asingojee kengele imwokoe.

Timu iliyokabidhiwa katikati ya safari

Baadhi ya wanachuo hutwambia, "Kocha ana timu yake. Sisi tunapewa darasa la mtu mwingine, katikati ya mwaka, kwa wiki chache." Hoja hiyo ni ya haki, na hapana budi tuijibu.

Januari 2024, katika mashindano ya Mataifa ya Afrika huko Kodivaa, Tanzania ilifungwa mabao 3-0 na Morocco katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 17. Siku mbili baadaye kocha mkuu, Adel Amrouche, alisimamishwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema nje ya kiwanja, baada ya kufungiwa na Shirikisho la Kandanda la Afrika. Timu ikakabidhiwa kwa msaidizi wake, Hemed Suleiman, Mzanzibari ambaye wapenzi wa mpira wamezoea kumwita Morocco, naye akasaidiwa na Juma Mgunda. Mchezo uliofuata ulikuwa tarehe 21. Hakuwa na nafasi ya kuchagua wachezaji wengine, wala ya kubadili mazoezi, wala ya kuomba muda.

Tanzania ilitangulia kupata bao kwa mguu wa Simon Msuva, na Zambia wakabaki wachezaji kumi kabla ya mapumziko. Watu wengi walikwisha kuuhesabu ushindi. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha, na mchezo ukaisha 1-1. Kwa timu iliyofungwa matatu, ikapoteza kocha, na kisha ikanyang'anywa ushindi mlangoni, lingekuwa jambo la kawaida kuvunjika kabisa. Lakini siku tatu baadaye, dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikufungwa. Mchezo ulikwisha bila ya bao. Tanzania ilitolewa katika hatua ya makundi, na hatutaki kulipamba hilo. Tunachosema ni kwamba mtu aliyekabidhiwa kazi ya mwenziwe katikati ya safari aliifanya iendelee. Na tarehe 19 Novemba 2024, chini ya kocha huyo huyo, Tanzania iliifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam na kupata tiketi ya mashindano yaliyofuata.

Mtu huyo hakuanza kujifunza siku aliyokabidhiwa. Mwaka 2017 aliiongoza Zanzibar katika Kombe la Chalenji nchini Kenya, ikafika fainali, ikatoka sare ya 2-2 na wenyeji na kushindwa kwa penalti. Pamoja na hayo, alikuwa tayari yumo ndani ya timu ya Tanzania kama msaidizi, akiwajua wachezaji. Hapa ndipo lilipo jibu letu kwa mwanachuo. Wiki ya kwanza ya kukaa nyuma ya darasa na kutazama, ambayo wengi huiona kuwa ni ya kupoteza wakati, ndiyo wiki ya msaidizi. Atakayeitumia kujifunza majina ya watoto wote, nani hukaa na nani, nani huandika kwa mkono wa kushoto, nani huchelewa kwa sababu anavuka bonde kuja skuli, atakapokabidhiwa chaki hatakuwa mgeni. Mamlaka ya mwalimu huanza siku anapoweza kumwita mtoto kwa jina lake bila ya kutazama rejesta.

Amri inapokataliwa

Hata hivyo, mwalimu ataandaa, atatazama, ataamua, na siku moja atatoa amri na mtoto atakataa mbele ya wote. Lililomfika kocha mkubwa litamfika na yeye.

Tarehe 24 Februari 2019, katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza, Chelsea na Manchester City zilikuwa zinakaribia penalti bila ya bao. Mlinda lango wa Chelsea, Kepa Arrizabalaga, alikuwa ametibiwa misuli. Kocha wake, Maurizio Sarri, akadhani ameumia na kutoa amri abadilishwe. Mlinda lango wa akiba, Willy Caballero, akasimama tayari. Kepa akakataa kutoka. Alipunga mikono kwa mbali kwamba yuko sawa. Kocha alighadhibika, akaelekea kwenye njia ya kutokea uwanjani, kisha akarudi. Mchezaji alibaki, na Chelsea wakafungwa kwa penalti 4-3.

Wengi walisema kuwa siku ile mamlaka ya kocha yalikufa. Sisi tunavutiwa zaidi na yaliyofuata. Wote wawili walieleza kuwa palikuwa na kutoelewana: kocha aliamini mchezaji ameumia, na mchezaji alijua kuwa hakuumia. Klabu ilimtoza mchezaji faini ya mshahara wa wiki moja. Mchezo uliofuata, dhidi ya Tottenham, aliwekwa benchini, na Chelsea wakashinda 2-0. Mchezo wa baada ya huo, tarehe 3 Machi, alirudishwa langoni. Adhabu ilikuja kosa lilipokwisha kupoa, ilijulikana na wote, ilikuwa fupi, na ikamalizika.

Sisi wenyewe, tulipokuwa vijana katika kazi hii, hatukufanya vizuri kama hivyo. Tulimwamuru mvulana wa darasa la tano ahame dawati la mbele akae nyuma, kwa kuwa alikuwa akizungumza na jirani yake. Hakuondoka. Tulirudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha zaidi, kisha tukachukua bakora. Akahama. Tuliamini tumeshinda. Baada ya wiki kadhaa mama yake alikuja skuli, akatueleza kwa upole kuwa mwanawe haoni ubao akiwa mbali, na kwamba alikuwa akimwuliza mwenzake yaliyoandikwa. Hatujalisahau jambo hilo, na hatudhani kuwa yeye amelisahau.

Funzo tulilolipata ni kwamba anayekataa amri huenda anajua jambo tusilolijua sisi. Hatusemi mwalimu abishane na mtoto mbele ya darasa. Tunasema aiseme amri mara moja, kwa maneno machache, akiwa karibu na mtoto na si kutoka upande wa pili wa chumba. Ikikataliwa, asiirudie kwa kelele. Aendelee na somo, na baada ya kipindi amwite mtoto amwulize sababu kwa faragha. Kama kulikuwa na sababu, mwalimu arekebishe uamuzi wake bila ya kuona haya. Kama haikuwapo, adhabu itolewe, iwe ndogo, na kesho yake mtoto arudi langoni.

Mahali ambapo mwalimu si kocha

Tumesifu kandanda vya kutosha. Sasa yatupasa tuseme pale mfano unapokatika. Cillessen, tulisema, hakuwa na kosa. Tena hakuwa ameambiwa kabla kwamba huenda akatolewa. Kocha alimficha kwa makusudi, asije akavunjika moyo kabla ya mchezo. Alipotoka aliipiga teke chupa ya maji kwa hasira. Kocha ana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu amekuja kutafuta ushindi wa siku ile, na akimtoa mmoja, mwingine huingia. Kiwanjani watu hubaki kumi na mmoja.

Mwalimu akimtoa mtoto katika somo, hapana wa kumwingiza badala yake. Nafasi hubaki tupu.

Tunasema hivi kwa uchungu, kwa sababu benchi lipo katika madarasa yetu. Ni madawati ya nyuma, na waliokaa pale hawajaitwa ubaoni tangu mwezi uliopita. Siku mkufunzi anapokuja kukagua, mwanachuo huwauliza wale wanne anaojua watajibu. Mikono yao imeinuka, majibu ni sahihi, somo linateleza kama mashua katika kusi. Mwanachuo hupata alama nzuri. Na hapo kosa si lake peke yake, bali ni letu tunaompa alama hizo. Tumemfundisha kwamba somo zuri ni lile lisilokwama, naye akatafuta njia ya kulifanya lisikwame: kuwaweka wazito pembeni.

Tunapendekeza kwa wakufunzi wenzetu kwamba katika karatasi za kusahihishia mazoezi pawe na mahali pa kuandika jambo moja: ni lini mwalimu aliona kuwa somo haliendi, na aliamua nini? Somo lililokwama kwenye 35, kisha mwalimu akaliona, akazitoa njiti zake, na mtoto wa dawati la nyuma akazifungua kumi kwa mkono wake mwenyewe, lina thamani kubwa kuliko somo lililoteleza. Mwanachuo akijua kuwa anapimwa kwa hilo, hataogopa kumwita mtoto asiyejua.

Hitimisho

Wanachuo wapenzi, muda si mrefu mtasimama mbele ya madarasa msiyoyajua. Chukueni kutoka kwa mwalimu wa kandoni yale yanayofaa: amueni usiku ili msibabaike mchana, tazameni daftari na msitegemee kiitikio, katizeni mara chache, semeni kwa sauti moja, na mkiamua, simameni na uamuzi wenu mpaka mwone sababu ya kweli ya kuubadili. Mkikosea, na mtakosea, kosa liwe lenu na lisiwe la watoto. Lakini yale mabadiliko yake ya wachezaji mwachieni mwenyewe.

Jadida ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kipya. Kila mwaka skuli za hapa hupokea walimu wapya, na wale wadogo wanaopiga chandimu pembeni mwa kiwanja huwatazama njiani, wakipimana kwa macho. Wao wanajua vizuri nini maana ya kungojea kandoni mpaka mtu mzima akuite uingie. Tunaomba kwamba kila mmoja wao, kabla ya kengele ya mwisho, aitwe.